Asili ya Mpira wa Miguu na Kombe la Sabuni

Ndugu msomaji, leo tuzungumze habari za mpira wa miguu. Usiseme kwamba hii ni habari ya vijana tu, ukalikunja gazeti. Soma mpaka mwisho. Katika habari hii mna mbuzi, mna sabuni, mna mizani ya pamba, na mna ugomvi.

Tuanze na ugomvi.

Msimu mmoja baada ya mavuno nilikuwa katika vijiji viwili vya Bariadi, mkoani Simiyu. Majina ya vijiji hivyo sitayataja, maana wenyewe wanasoma gazeti. Vijiji hivyo vinapakana. Watu wake wanaoana, wanazikana, na pamba yao wanaiuza katika chama kimoja cha msingi. Jumapili hiyo timu zao zilikuwa zinagombea mbuzi jike aliyetolewa na wazee. Uwanja ulikuwa malisho ya ng'ombe. Magoli yalikuwa ya miti. Watu walijaa pande zote nne, hata wauza karanga hawakupata pa kupita.

Mpaka dakika za mwisho timu zilikuwa zimefungana 1-1. Ndipo mpira ukatoka nje pembeni. Kijana mmoja akaushika kwa mikono miwili, akaurusha ndani. Mwenzake alikuwa amesimama peke yake karibu na goli, nyuma ya mabeki wote. Akaupokea, akageuka, akapiga. Goli!

Upande mmoja ukapiga kelele: "Ameotea!" Upande wa pili ukajibu: "Hakuotea!" Mwamuzi alikuwa mwenyeji wa kijiji kimojawapo. Alipuliza filimbi kulikubali goli. Alipoona watu wanamjia, akapuliza tena kulikataa. Basi, uwanja ukajaa watu. Wengine walishika fimbo. Mwenye mpira akauchukua mpira wake, akaufunga kwenye baiskeli, akaenda zake nyumbani. Mbuzi akabaki amefungwa chini ya mti, hana mwenyewe.

Je, msomaji, nani alikuwa na haki? Jibu lipo, nami nitakupa. Lakini kwanza tujue kanuni za mchezo huu zilitoka wapi. Kanuni hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Watu walikaa kikao, wakabishana, na baadhi yao wakanuna wakaondoka.

KILA SHULE NA KANUNI ZAKE

Kupiga kitu cha mviringo kwa mguu ni mchezo wa zamani sana. Wachina waliucheza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Watoto wetu huchunga ng'ombe na huku wanacheza mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba, na hakuna aliyewafundisha. Lakini mchezo tunaouita leo mpira wa miguu, wenye kanuni zilizoandikwa, ulitoka Uingereza.

Zamani huko Uingereza kijiji kizima kilicheza na kijiji kingine kizima. Hapakuwa na idadi ya wachezaji. Hapakuwa na mipaka ya uwanja. Watu waliusukuma mpira barabarani, mashambani na hata mtoni. Watu waliumia. Mwaka 1314 meya wa mji wa London aliupiga marufuku mchezo huo mjini mwake kwa sababu ya fujo. Haukukoma.

Baadaye shule kubwa za Uingereza ziliuchukua mchezo, zikautengeneza. Lakini kila shule iliutengeneza kwa namna yake. Shule hii iliruhusu kuukamata mpira kwa mikono na kukimbia nao. Shule ile ilikataza. Hapa ilikuwa ruhusa kumpiga mwenzako teke la ugoko ili auache mpira. Pale ilikuwa kosa. Ndani ya shule moja hapakuwa na taabu, maana wote walijua desturi yao. Taabu ilianza vijana hao walipomaliza shule na kukutana mjini. Kila mmoja alisema, "Mpira unachezwa hivi." Mchezo ukawa hauchezeki.

Wewe mkulima wa pamba unaijua taabu hiyo. Ni kama sokoni ambako kila mnunuzi amekuja na mizani yake.

Tarehe 26 Oktoba 1863, wawakilishi wa vilabu kadhaa walikutana katika hoteli moja mjini London iliyoitwa Freemasons' Tavern. Hapo walianzisha Chama cha Mpira cha Uingereza. Katibu wao alikuwa mwanasheria, jina lake Ebenezer Cobb Morley. Yeye ndiye aliyeandika rasimu ya kanuni. Vikao vilikuwa 6, na vilimalizika Desemba mwaka huo.

Hoja iliyowagawa ilikuwa ile ya mateke ya ugoko. Klabu ya Blackheath ilitaka mateke yabaki. Watu wake walisema kwamba mchezo bila mateke si mchezo wa wanaume. Wengine walisema: sisi tuna kazi zetu Jumatatu, hatuwezi kwenda kazini tukichechemea. Kura zikapigwa. Mateke yakakataliwa, na kukimbia na mpira mikononi pia kukakataliwa. Blackheath wakajitoa. Baadaye walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha mchezo mwingine unaoitwa raga, ambao hata leo mtu hukimbia na mpira mikononi.

Kanuni zilizotoka zilikuwa 13 tu. Ukizisoma leo utashangaa. Hazikutaja mwamuzi. Hazikutaja golikipa. Goli lilikuwa na miti miwili ya kusimama, bila mtambaa panya juu yake. Mpira ukipita kati ya miti hiyo, hata kama umeruka juu kuliko mnazi, lilikuwa goli.

MWAMUZI ALITOKA WAPI?

Mwanzoni walidhani kwamba waungwana hawahitaji mwamuzi. Manahodha wawili wangezungumza na kukubaliana. Haukupita muda mrefu wakaona kwamba hata waungwana wakifungwa hugeuka kuwa watu wa kawaida.

Basi kila timu ikaja na msimamizi wake. Wasimamizi wakawa wawili, mmoja huku na mmoja kule. Unaweza kukisia yaliyotokea. Kila msimamizi aliona makosa ya upande wa pili. Ikabidi awekwe mtu wa tatu, asiye wa upande wowote. Huyo alikaa nje ya uwanja, akaulizwa tu pale wawili wale waliposhindwa kukubaliana. Mwaka 1891 mtu huyo wa tatu aliingizwa ndani ya uwanja, akapewa mamlaka yote. Wale wawili walipelekwa pembeni, wakawa washika vibendera. Hivyo ndivyo alivyozaliwa mwamuzi tunayemfahamu.

Hapa nataka nisimame kidogo. Wazee wa Usukuma wanaikumbuka habari ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuacha kulima. Waliweka mizani yao na wapimaji wao, ili pamba ipimwe kabla haijafika kwa mnunuzi. Kazi hiyo ilikuwa mojawapo ya mizizi ya vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana, na kiongozi wao mkubwa alikuwa Paul Bomani. Mizani na filimbi ni vitu viwili mbalimbali. Lakini shida iliyovileta ni moja: mtu hawezi kuwa mchezaji na mwamuzi kwa wakati mmoja.

Mwaka huo huo wa 1891 ilikuja penalti. Aliyeitoa hoja hiyo alikuwa golikipa wa Ireland aliyeitwa William McCrum. Ajabu, sivyo? Golikipa mwenyewe ndiye aliyetaka apigiwe mpira akiwa peke yake. Aliona wachezaji wanawaumiza wenzao makusudi karibu na goli. Wengi walimcheka. Walisema kanuni hiyo ni matusi, maana inadhani mtu muungwana anaweza kufanya kosa kwa makusudi. Lakini ilipitishwa.

Na golikipa, je? Mpaka mwaka 1912 aliruhusiwa kudaka mpira popote katika nusu yake ya uwanja, si katika eneo la penalti tu. Vijana wanaocheza golini wasome hapo mara mbili.

NCHI NA NCHI

Kanuni zilipokuwa zimeandikwa, jambo jipya likawezekana. Watu wasiofahamiana waliweza kukutana na kucheza. Tarehe 30 Novemba 1872, timu ya Scotland ilicheza na timu ya Uingereza katika mji wa Glasgow. Huo ndio mchezo wa kwanza unaotambuliwa rasmi kati ya nchi na nchi. Ulichezwa kwenye uwanja wa kriketi. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Watazamaji walikuwa kama 4,000. Mahali pa mtambaa panya palifungwa utepe.

Waingereza walikuwa na desturi ya mtu mmoja kukimbia na mpira mpaka anyang'anywe. Waskoti wote 11 walikuwa wa klabu moja, Queen's Park. Walizoeana, wakapasiana. Matokeo yalikuwa 0-0. Hata hivyo watazamaji walipendezwa, na kuanzia hapo timu hizo zikawa zinakutana karibu kila mwaka.

Mabaharia, walimu, wamisionari na mafundi wa reli waliusambaza mchezo huo duniani. Mwaka 1904 nchi 7 za Ulaya zilikutana Paris, Ufaransa, zikaanzisha FIFA, yaani shirikisho la mpira la dunia. Uingereza haikuwemo siku hiyo. Ilijiunga mwaka uliofuata.

Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa mwaka 1930 nchini Uruguay, Amerika ya Kusini. Timu zilikuwa 13. Kutoka Ulaya zilikwenda 4 tu, kwa sababu safari ya meli ilichukua kama wiki mbili na wengi hawakutaka kwenda mbali hivyo. Fainali ilikuwa tarehe 30 Julai, Uruguay na jirani yake Argentina.

Sasa sikiliza kisa hiki. Siku ya fainali kila timu ilikuja na mpira wake, ikakataa wa mwenzake. Nani kati yetu hajaona kisa kama hicho? Mtoto mwenye mpira akikasirika, mchezo umekwisha. Kule Uruguay walikubaliana hivi: kipindi cha kwanza mpira wa Argentina, kipindi cha pili mpira wa Uruguay. Kipindi cha kwanza Argentina ikaongoza 2-1. Kipindi cha pili Uruguay ikafunga mara 3, ikashinda 4-2. Hata sasa wapo wanaobishana kuhusu mpira ule.

KOMBE LA SABUNI

Tuje kwetu. Mpira ulifika pwani ya Afrika Mashariki mapema. Katika miaka ya 1880 vijana wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, walikuwa wanaucheza. Vijana hao walipokuwa walimu waliupeleka bara. Ulifika kwetu kwa njia ya shule, ya misheni na ya reli. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Tena palipojengwa kiwanda cha kuchambulia pamba palikuwa na vibarua, na palipo na vibarua wengi hapakosi timu. Klabu ya Pamba ya Mwanza imelichukua jina lake katika zao hilo hilo unalolima wewe.

Mwaka 1926 lilianza kombe la Afrika Mashariki. Aliyelitoa hakuwa mfalme wala gavana. Ilikuwa kampuni ya William Gossage ya Uingereza, watengenezaji wa sabuni. Kwa hiyo liliitwa Kombe la Gossage. Si vigumu kujua sababu ya ukarimu huo. Wachezaji wakitoka uwanjani wamejaa vumbi na matope, watahitaji nini?

Mwanzoni kombe hilo liligombewa na nchi mbili tu, Kenya na Uganda. Mchezo wa kwanza ulikuwa Nairobi. Zilitoka sare, zikarudiana, Kenya ikashinda. Tanganyika iliingia mwaka 1945. Zanzibar nayo ikafuata kabla ya miaka ya 1950. Uganda ndiyo iliyolichukua mara nyingi kuliko wengine wote. Lakini Tanganyika haikuwa mnyonge: ililichukua mara 3 mfululizo, mwaka 1949, 1950 na 1951.

Fikiri jambo hilo, msomaji. Mwaka 1949 Tanganyika haikuwa huru. Haikuwa na bendera yake wala wimbo wake wa taifa. TANU ilikuwa bado haijazaliwa, ilikuja mwaka 1954. Lakini uwanjani walisimama vijana 11, na watu wakasema: hii ni Tanganyika. Mimi nadhani kombe lile la sabuni lilifanya kazi ambayo wenye sabuni hawakuitarajia.

Baada ya uhuru jina la sabuni liliondolewa. Mwaka 1967 lilianza Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, na nchi nyingine zikaingia. Tangu mwaka 1973 linasimamiwa na CECAFA. Tanzania Bara imelichukua mwaka 1974 mjini Dar es Salaam, mwaka 1994 mjini Nairobi, na mwaka 2010 tena Dar es Salaam. Zanzibar ililichukua mwaka 1995 mjini Kampala.

AFRIKA YAKATAA MIZANI MBOVU

Nimesema kwamba mashindano huhitaji kanuni. Lakini kanuni inaweza kuwa ya haki au isiwe ya haki. Hapa Afrika ilifanya jambo kubwa ambalo vijana wengi hawalijui.

Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, lilianzishwa mwaka 1957 mjini Khartoum, Sudan. Waanzilishi walikuwa nchi 4: Sudan, Misri, Ethiopia na Afrika ya Kusini. Mashindano ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika yalichezwa hapo hapo mwaka huo huo. Lakini serikali ya makaburu ya Afrika ya Kusini haikukubali kupeleka timu ya Waafrika na Wazungu pamoja. Wenzake hawakukubali timu ya rangi moja. Basi mashindano yakachezwa na nchi 3 tu. Misri ikashinda. Ilikuwa afadhali kombe dogo lenye haki kuliko kombe kubwa lenye ubaguzi.

Jambo la pili lilihusu Kombe la Dunia. Misri ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza huko, mwaka 1934 nchini Italia. Baada ya hapo miaka ikapita, hakuna Mwafrika. Ilipofika mashindano ya mwaka 1966 nchini Uingereza, nafasi zilikuwa 16. Afrika, Asia na nchi za bahari ya Pasifiki zote pamoja zilipewa nafasi 1 ya kugombea. Wakati huo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimekwisha pata uhuru. Zilisema: hesabu hii hatuikubali. Ghana, chini ya Kwame Nkrumah, ilikuwa mstari wa mbele. Timu zote za Afrika zilizokuwa zimejiandikisha zilijitoa.

Wakulima walioikataa mizani mbovu wangewaelewa. FIFA ikasikia. Kuanzia mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake yenyewe, na Morocco ikaenda. Mwaka 1974 ilikwenda Zaire, nchi tunayoiita leo Kongo. Kwa mashindano ya mwaka 2026 Afrika imepewa nafasi 9 za moja kwa moja.

NA TANZANIA?

Tanzania haijafika Kombe la Dunia la wanaume. Lakini mabinti wetu wamefika. Mwaka 2022 timu ya wasichana wasiozidi miaka 17, Serengeti Girls, ilicheza Kombe la Dunia nchini India, ikafika robo fainali. Baba unayemzuia binti yako kucheza mpira shuleni, habari hiyo uisome kwa sauti mkiwa mezani. Na usidhani kwamba kuwazuia ni desturi ya huku tu. Mwaka 1921 Chama cha Mpira cha Uingereza kilikataza wanawake kucheza katika viwanja vya vilabu vyake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mchezo mmoja wa wanawake mjini Liverpool ulikuwa umejaza watazamaji 53,000. Ilichukua kama miaka 50 marufuku hiyo kuondolewa.

Kwa wanaume, Taifa Stars ilifika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1980, mjini Lagos, Nigeria. Wazee wanaikumbuka safari hiyo. Mwaka 1979 Tanzania ilikwenda Ndola, nchini Zambia, ikihitaji sare tu. Zambia ikatangulia kufunga. Watu walikaa kando ya redio, wengine wakaanza kuzizima. Dakika zikiwa zimebaki chache, Peter Tino akasawazisha. Ikawa 1-1. Walioizima redio waliijua habari hiyo kwa kelele za jirani.

Kule Lagos tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Baada ya hapo tulikaa miaka 39. Tulirudi mwaka 2019 nchini Misri. Tukaenda tena Ivory Coast, michezo iliyochezwa mwanzoni mwa mwaka 2024, na baadaye Morocco kwa mashindano ya mwaka 2025.

Mwaka 2023 CAF ilitangaza kwamba mashindano ya mwaka 2027 yataandaliwa na nchi tatu kwa pamoja: Kenya, Uganda na Tanzania. Unaziona nchi hizo? Ni zile zile za kombe la sabuni. Agosti 2025 zilikuwa zimekwisha andaa pamoja mashindano mengine ya Afrika, yale ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, na zote tatu zikafika robo fainali.

TURUDI KWENYE MBUZI

Sasa nikupe jibu nililokuahidi. Je, kijana yule wa Bariadi aliotea?

Kuotea ni kumvizia mpinzani karibu na goli lake, ukiwa mbele ya mabeki, ukingoja mpira uletwe. Katika kanuni za mwaka 1863 mchezaji yeyote aliyekuwa mbele ya mpira alihesabiwa ameotea. Ilikuwa vigumu sana kupasiana. Mwaka 1866 kanuni ililegezwa: huotei kama kati yako na mstari wa goli wako wapinzani 3. Mwaka 1925 idadi hiyo ikashushwa mpaka 2, na golikipa huhesabiwa. Mwaka 1990 ikaongezwa kwamba ukiwa sambamba na mpinzani wa pili kutoka nyuma, hujaotea.

Lakini kuna kipengele kingine. Mpira ukirushwa kwa mikono kutoka pembeni, anayeupokea moja kwa moja hahesabiwi kuotea, hata akiwa amesimama mbele ya wote. Kanuni hiyo ni ya mwaka 1920. Ndivyo ilivyo pia kwa kona na kwa mpira unaopigwa na timu inayolinda goli baada ya kutoka nyuma.

Kwa hiyo goli lilikuwa halali. Ugomvi ule wote, fimbo zile zote, zilikuwa juu ya jambo lililokwisha amuliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Niliwapelekea wazee wa vijiji vyote viwili habari hii. Tulikaa chini ya mti ule ule. Kijana mmoja aliyemaliza elimu ya watu wazima mwaka huo alisoma kanuni kwa sauti, polepole, na wazee wakawa wanaitikia. Mzee mmoja akasema: "Hata Bagika na Bagalu wakienda kuchezeana ngoma, wanajua kabla kwamba atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Sisi mpira tuliuanza bila kupatana." Wale waliofungwa walikubali kwamba goli lilikuwa goli. Lakini nao walikuwa na neno: mwamuzi alikuwa mtu wa upande wa pili, na dakika zilikuwa bado hazijaisha. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Wakapatana mchezo urudiwe baada ya mauzo ya pamba. Mwamuzi atoke kijiji cha tatu. Mipira iwe miwili, mmoja wa kila upande, kama kule Uruguay. Mbuzi atunzwe na mzee wa kijiji hicho cha tatu mpaka siku hiyo.

Nilipita tena huko mwezi uliopita. Siku ya mchezo ilikuwa bado. Mbuzi ni mzima, amenenepa, na amezaa watoto wawili. Sasa wanabishana watoto hao ni wa nani: wa mshindi, au wa mzee aliyemlisha mama yao? Nimezitafuta tena kanuni zile 13 za London, mbuzi hawamo.